Siri ya Sifuri Inapita, Kidagaa Kinakwama

Mashindano ya kusoma hupenda masharti yanayomlazimisha msomaji kunyoosha mkono mahali asipopazoea: kitabu chenye rangi katika jina lake, kitabu kilichoandikwa kabla msomaji hajazaliwa, kitabu ambacho maneno ya jina lake yanaanza kwa sauti moja. Sharti hili la mwisho limekomaa miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza, na huko linafanya kazi. Jane Austen alipotoa Sense and Sensibility mwaka 1811 na Pride and Prejudice mwaka 1813, hakuna kanuni ya sarufi iliyomlazimisha kurudia S wala P. Alichagua. Charles Dickens naye alichagua alipomwita kijana wake Nicholas Nickleby. Majina ya aina hiyo hayajai rafu nzima, kwa hiyo sharti linachuja.

Likiletwa kwenye rafu ya Kiswahili bila kurekebishwa, chujio linapitisha karibu kila kitu. Sababu ni upatanisho wa kisarufi. Nomino ya Kiswahili huvuta kivumishi na kitenzi chake vifuate kiambishi chake: kiti kikubwa kimevunjika, watu wawili walikuja. Mwandishi hata asipofikiria sauti, lugha yenyewe inazipanga. Anayeandaa orodha kwa kuangalia herufi za mwanzo tu atajaza vitabu vya mwaka mzima kwa dakika chache, na sharti litakuwa halijamfikisha popote.

Ipo njia ya kulirudishia sharti makali yake. Ondoa nomino ya kwanza katika jina la kitabu, weka nyingine ya ngeli tofauti, kisha tazama kama sauti ya neno la pili imebaki. Ikibaki, mwandishi aliitafuta. Ikipotea, ilikuwa ya sarufi.

Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012 ambayo maelfu ya wanafunzi wa sekondari Kenya waliisoma kama kitabu cha kutahiniwa, inafaa kwa jaribio la kwanza. Weka samaki mahali pa kidagaa: samaki amemwozea. Ki- ya kitenzi imetoweka pamoja na nomino yake. Kivuli Kinaishi, tamthilia ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1990, inaanguka vivyo hivyo, maana mzimu unaishi. Kuanguka huku hakuvipunguzii vitabu hivyo thamani hata chembe. Walibora alichukua msemo uliokuwa tayari vinywani mwa watu, na uteuzi wake ulikuwa wa maana zaidi ya sauti. Ila katika shindano hili havina haki ya nafasi.

Sasa Siri ya Sifuri, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1974, mojawapo ya visa vya mpelelezi Bwana Msa. Badilisha siri iwe fumbo: fumbo la sifuri. Kilichogeuka ni kiunganishi tu. Sifuri imesimama palepale na S yake, kwa sababu S hiyo ni ya mzizi, haikuazimwa kwa jirani. Na takriri yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana kwa haraka: maneno yote mawili yanafungua kwa si- na kufunga kwa -ri, hata sifuri inakuwa kama siri iliyopasuliwa katikati na silabi moja kupachikwa ndani. Kwa riwaya ya upelelezi, jina hilo limetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Aristablus Elvis Musiba alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika Kikosi cha Kisasi, riwaya ya mwaka 1979 ya jasusi Willy Gamba. Ki- inafungua maneno yote mawili, -si inayafunga. Jeshi la kisasi lingebeba maana ileile, lakini mdundo wa kwata ungekufa. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, tamthilia ya mwaka 2001, nayo inafaulu: mauti kisimani, na kisima hakikutikisika.

Bwana Msa anarudi katika kesi ngumu kuliko zote, Mke Mmoja Waume Watatu ya mwaka 1975. Kwa jicho, hili ndilo jina tajiri kuliko mengine, M mbili zikifuatwa na W mbili. Ila pindua wahusika, ngeli ikibaki ileile: mume mmoja, wake watatu. M mbili, W mbili, hakuna kilichopungua. Mpangilio ule wa sauti ungekuwepo hata kama Abdulla angeandika juu ya ndoa ya kawaida ya mitala. Ubunifu wake uko kwenye kuwabadilishia watu nafasi, na masikio hayahusiki. Kitabu hiki kisomwe, na kisomwe kwa furaha, lakini chini ya sharti jingine.

Vitenzijina ni eneo la mzozo. Kufa na Kupona ya Musiba (1974) na Kufa Kuzikana ya Walibora (2003) haviangushwi na jaribio moja kwa moja, kwani ku- ya neno la pili haitegemei neno la kwanza. Tatizo ni kwamba kila kitenzijina cha Kiswahili huanza na ku-, hivyo takriri inapatikana kwa bei rahisi mno. Uamuzi wa busara ni kuruhusu kimoja tu kwa orodha nzima. Kati ya viwili hivyo, Kufa Kuzikana ina mzigo mkubwa zaidi: urafiki unaojaribiwa na chuki za kikabila.

Ushairi unaleta swali la sikio. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir wa Mombasa iliyochapishwa mwaka 1971, ina M mbili kwa macho. Mdomoni hazilingani, kwa kuwa M ya Mvita ni silabi kamili inayosimama peke yake, ilhali ya malenga imeegemea irabu. Hata hivyo midomo hufumbwa mara mbili, na hilo linatosha kuipa diwani hii nafasi.

Hasara ya sharti hili isifichwe. Linamfungia nje Euphrase Kezilahabi karibu kabisa: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, Nagona, Mzingile. Hakuna riwaya yake hata moja kati ya hizo sita inayopita. Mwandaaji anayejali fasihi atatenga sharti la pili, kwa mfano jina la neno moja, ili Nagona na Mzingile ziingie kwa mlango wao.

Kwa likizo ndefu kuna Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Bibi na Bugonoka wanakaa bega kwa bega, na B zao hazikutokana na upatanisho. Inapita.