Roosevelt alihesabu vifaru, watu hakuwauliza

Wandugu, kuna kitabu kimoja ambacho sisi wasomi wa Aru tungepaswa kukisoma, hata kama kitatukasirisha. Kinaitwa African Game Trails. Aliyekiandika ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, na kilitoka mwaka 1910. Kiko bure kwenye intaneti. Mimi nilikisomea kwenye simu, usiku, siku zile umeme ulikuwa unakubali.

Mtu ataniuliza: kitabu cha uwindaji kina faida gani kwetu? Kina faida juu ya sura moja, ile ya Lado. Na Lado si mbali. Iko hapa tu, nyuma ya mgongo wa nchi yetu.

Nikumbushe kidogo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Leopold II eneo la magharibi ya Nile, akae nalo muda wote atakapokuwa mfalme. Upande wetu, mpaka wake ulifuata pale maji yanapogawanyika. Mvua ikianguka mashariki inaenda Nile. Ikianguka magharibi inaenda Kibali, Uele, mwishowe mto Congo. Basi Arua ikawa ndani ya Lado, na Aru ikabaki nje. Watu walikuwa wale wale: Walugbara huku, Walugbara kule, Wakakwa vilevile. Maji njo yaliamua.

Leopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909. Mapatano ya mwaka 1906 yalikuwa yameshasema kwamba eneo lirudishwe ndani ya miezi sita. Juni 1910 Lado ikaingia Sudan, iliyokuwa chini ya Waingereza na Misri. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa Uganda. Njo West Nile ya leo. Koloni nzima ilikwisha hivyo, sawa na nyumba ya kupanga: mpangaji amekufa, mwenye nyumba achukue ufunguo. Lakini nani alimfanya Mwingereza kuwa mwenye nyumba?

Sasa, Roosevelt alifika Lado Januari 1910, katikati ya hiyo miezi sita. Mwenye mkataba yuko kaburini, anayekuja hajaingia. Wawindaji haramu wa tembo walikuwa wanavuka Nile kutoka Uganda kujichotea pembe. Kwa mwandishi, hiyo ni bahati ya ajabu: yuko ndani ya koloni inayokwisha.

Anaona nini? Vifaru weupe. Na tuseme ukweli, anawaona vizuri. Anajua namna kifaru analala, namna nyasi zinawaka, namna joto la kando ya Nile linamchosha mtu. Mwandishi huyu ana macho. Hata wabeba bunduki wake anawataja kwa majina, jambo ambalo Wazungu mingi wa wakati ule hawakulifanya. Kitabu kina hata orodha ya wanyama waliouawa safarini: yeye na mtoto wake Kermit, jumla 512, na kati yao vifaru weupe tisa.

Nilirudia sura hiyo mara mbili nikitafuta kitu kimoja: mwenyeji mmoja anayeulizwa, «Mzee, mfalme aliyeshika nchi yenu amekufa, mnaonaje?» Sikumkuta. Hapo njo ninamkosoa. Simkosoi juu ya bunduki peke yake; wakati ule uwindaji ulikuwa sifa. Ninamkosoa juu ya macho makali vile kuishia kwa mnyama.

Mtu atanijibu: yeye hakwenda kuandika siasa. Sawa. Lakini nani basi aliandika? Mapatano yaliandikwa Ulaya. Kitabu kiliandikwa kwa Wamarekani. Katika yote mawili, wenye nchi ni kama nyasi: wapo, wanakanyagwa.

Tusidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 1968 Uhispania iliwapigisha kura watu wa Guinea ya Ikweta kuhusu katiba yao, na tarehe 12 Oktoba wakapata uhuru. Uhuru wao ulikuja kuharibiwa vibaya na Macías Nguema, lakini angalau waliulizwa. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 1969 (angalieni tarehe, ni ile ile ya sikukuu yetu), Uhispania hiyo hiyo ikaitoa Ifni, koloni ndogo pwani ya Atlantiki, kwa Moroko, kwa mkataba. Mwaka 1975, Franco akiwa anakata roho, Sahara ikapewa Moroko na Mauritania kwa makaratasi ya Madrid. Wasahrawi hawakuulizwa, na mpaka leo mingi wao wako kambini Tindouf, Algeria. Kwa hiyo si kweli kwamba mkoloni akitoka, ukoloni umekwisha. Tuangalie ufunguo ameuacha mkononi mwa nani.

Na sisi? Lise tulikariri 1885, 1908, 1960. Lado, hata mstari moja sikuandika kwenye daftari. Tunamlaumu Roosevelt, lakini na sisi hatukuuliza.

Koko yangu alizaliwa upande wa Arua, akaolewa Aru. Alikufa mwaka 2020, wakati mipaka imefungwa juu ya korona. Kaka zake walibaki kule, saa moja tu kwa pikipiki, wakasikiliza mazishi kwa simu. Ile siku njo nilielewa kwamba mstari wa mwaka 1894 ungali hai. Miaka yote nilikaa naye jikoni, sikumuuliza hata mara moja baba yake alisimulia nini kuhusu wakati wa Wabeleji kuhama. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na simu ya kurekodi. Swali njo sikuwa nalo.

Kambi ya Roosevelt kando ya Nile iliitwa Rhino Camp, na jina lingaliko. Leo pale ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Vifaru wamekwisha. Watu wangali wanahesabiwa, wangali hawaulizwi.

Someni kitabu. Halafu kabla ya kuandika maoni yenu hapa, mtafuteni mzee moja nyumbani, kwa Kilugbara, Kialur, Kikakwa, lugha yoyote, na mmuulize. Msikawie kama mimi.