Kidole Gumba Ndiye Mpiga Besi

Mwambie mpiga gitaa wa muziki wa dansi kwamba kuna watu wawili tu, gitaa moja na sauti moja, wanaopanda jukwaa la tamasha la jazi na kushuka wakiwa wameshangiliwa kama bendi nzima. Swali lake la kwanza litakuwa: besi anapiga nani? Ana haki ya kuuliza. Kwetu Tanzania, tangu enzi za bendi za Morogoro Jazz na Western Jazz, kazi ya gitaa imegawanywa: kuna solo, kuna rizimu, kuna besi, na kila moja ina mwenyewe. (Bendi zile zilijiita Jazz, ingawa muziki wao ulikuwa na udugu wa karibu zaidi na rumba ya Kongo na Kuba kuliko na New Orleans.)

Wawili ninaotaka kuwachambua ni mpiga gitaa Tuck Andress na mwimbaji Patti Cathcart, mume na mke wa Marekani wanaojulikana kama Tuck & Patti. Walikutana Las Vegas mwaka 1978, wakahamishia kazi kwenye klabu za eneo la San Francisco, na albamu yao ya kwanza, Tears of Joy, ikatoka mwaka 1988. Hesabu hiyo ya miaka ina maana yake. Ukisikiliza walivyoupiga humo Time After Time, wimbo wa Cyndi Lauper, unasikia watu waliokwisha kukosea pamoja mara nyingi sana mbele ya wanywaji wasiosikiliza, hadi makosa yakaisha.

Wengi wakimsikia Tuck hudhani anapiga besi, rizimu na solo kwa pamoja. Mara nyingi sivyo. Anavipokezana. Noti ya besi inapigwa, kisha inaachwa ilie peke yake. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inadonolewa na kukatwa papo hapo. Halafu noti mbili tatu za juu, halafu besi tena. Sikio la msikilizaji ndilo linaloviunganisha, kwa sababu likishasikia besi mara nne mfululizo linaendelea kuihesabu hata ikikosekana. Ufundi mzima uko katika kujua kipi kiachwe na kwa muda gani.

Tuangalie mkono kwa karibu. Chukua bluzi ya kawaida katika ufunguo wa A, mapigo manne kwa kila kipimo, na sasa unatoka kodi ya A7 kwenda D7. Kidole gumba kinapiga A kwenye uzi wa sita, freti ya 5. Pigo la pili ni C-shapu, uzi wa tano, freti ya 4. La tatu ni E, freti ya 7 ya uzi huohuo. La nne ni E-flati, freti ya 6, noti ambayo haimo kabisa katika kodi ya A7. Kazi yake ni moja tu: kusukuma. Freti moja chini yake ni D, na D ndiyo pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Msikilizaji asiyejua hata jina la noti moja anahisi kwamba lazima kitu kifike mahali, na kinafika.

Juu ya besi hiyo, kodi nzima haihitajiki. Zinatosha noti mbili, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti ya msingi, maana hizo ndizo zinazotofautisha kodi moja na nyingine. Ya kwanza tayari imeshikwa na besi. Kwa A7, hizo ni G kwenye uzi wa nne, freti ya 5, na C-shapu kwenye uzi wa tatu, freti ya 6. Unataka D7? Sogeza vidole vyote viwili freti moja chini: F-shapu na C. Basi. Noti hizo mbili hudonolewa katikati ya mapigo, si juu yake, kwa ufupi, kisha mkono wa kushoto unalegea ili zizimike. Uzi wa kwanza na wa pili hazijaguswa hata kidogo. Huko ndiko mwimbaji anakoachiwa nafasi, na huko ndiko mpiga gitaa atakakokimbilia mwimbaji akivuta pumzi.

Mtu aliyekua akisikiliza magitaa ya Katanga hatashangazwa na wazo lenyewe. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, leo Likasi, akipiga wimbo wa Masanga peke yake kwa kidole gumba na cha shahada, na ukifumba macho unaweza kuapa wako wawili. Tofauti ni kwamba gumba la Mwenda linazunguka. Lina noti zake chache linazozirudia, na utamu uko katika namna sauti za juu zinavyopishana na mzunguko huo. Besi ya jazi inatembea: haikai, kwa sababu kodi zenyewe hazikai. Ni vigumu kusema ipi ngumu zaidi. Mimi ninaona ya Mwenda ina uthabiti wa mpigo ambao wapiga gitaa wengi wa jazi hawajaufikia.

Kuna tatizo la kimaumbile ambalo ufundi hauliondoi. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi hutoa E ya takriban mitetemo 82 kwa sekunde. Besi kubwa ya kusimama hushuka hadi 41, oktavu nzima chini. Kwa hiyo "besi" ya gitaa ni ya kudanganya. Katika klabu ndogo udanganyifu unapita. Kwenye uwanja wa tamasha, sauti ikishasafiri hewani, hubaki gitaa jembamba na mwimbaji anayeelea. Fundi wa mitambo asiyewajua atapandisha sauti za chini, na hapo gitaa la jazi, ambalo tumbo lake lina uwazi, huanza kuvuma lenyewe. Dawa zinajulikana: kukaa mbali na spika, kuziba matundu ya gitaa kwa sponji, kupunguza masafa yale tu yanayovuma badala ya kupunguza yote. Ufunguo nao unahusika. Mwimbaji akichagua E-flati, noti ya msingi haipo kwenye uzi mnene ulio wazi. Iko freti moja chini ya mahali gitaa linapokomea, hivyo inabidi ichukuliwe oktavu ya juu na uzito wote unapotea. Nusu hatua juu, kwenye E, gitaa zima linafunguka. Wawili wenye busara hujadiliana ufunguo kabla ya kujadiliana nguo.

Patti ana sauti nzito, ya chini kwa mwanamke, na hilo linazidisha kazi, kwani inatua palepale zinapolia nyuzi za kati za gitaa. Ndiyo maana kodi za Tuck chini ya maneno yake ni fupi, na mara nyingine hazipo kabisa: besi na sauti tu, pengo katikati. Pengo hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika muziki wao. Akiwa peke yake, kama katika Reckless Precision ya mwaka 1990, Tuck hujaza kila upenyo. Kwenye Man in the Mirror, ule alioimba Michael Jackson, utasikia karibu bendi yote ndani ya nyuzi sita. Ninavua kofia, lakini sirudii kuusikiliza mara nyingi. Anahitaji mtu wa kumnyima nafasi.

Mwimbaji Ella Fitzgerald na mpiga gitaa Joe Pass walilitatua jambo hilohilo la nafasi kwa njia nyingine. Walitoa albamu nne za wawili, ya kwanza ikiwa Take Love Easy, iliyorekodiwa 1973. Hapo Pass mara nyingi hashiki mpigo kabisa. Anamfuata Ella kama anavyosema maneno, akisubiri anaposubiri. Mpigo unapokuja anaingia na besi inayotembea kwa vipimo kadhaa, kisha anaiacha, kisha anairudisha. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu saa haiko kwenye gitaa. Iko kwa Ella. Alipokuwa akiimba bila maneno, kwa silabi tu, alitua juu ya pigo kwa uhakika ambao mpiga ngoma angeuonea wivu. Kati ya zile nne ninachagua Fitzgerald and Pass... Again ya 1976, iliyompa Ella tuzo ya Grammy, kwa kuwa humo Pass ameshaacha kumlinda.

Sasa harusi, ambako wawili wengi wa aina hii hupata riziki. Harusini wimbo hauna urefu wake wenyewe. Maharusi wanachelewa mlangoni, MC anainua mkono katikati ya ubeti, keki inakatwa kabla ya wakati. Mbinu ya wawili ni mzunguko wa kodi nne za kurudia mwishoni mwa wimbo, kila kodi mapigo mawili, unaoweza kupigwa mara mbili au mara ishirini bila mtu kujua kwamba kuna kinachosubiriwa. Bendi ya watu tisa kugeuka hapo inahitaji ishara tatu na bahati. Hawa wawili wanahitaji jicho moja. Ndiyo maana sielewi wawili wanaokuja na laptopu yenye ngoma na besi zilizorekodiwa: wamelipia ukamilifu wa sauti kwa kutoa kitu pekee walichowazidi wenzao, uwezo wa kungoja.

Ila lazima nikiri jambo moja upande wa laptopu: wachezaji wanataka ngoma. Tuck hulitatua kwa kupiga nyuzi zilizozibwa kwenye pigo la pili na la nne, tap, mlio mkavu usio na noti, na watu wakishausikia mara chache miguu inaelewa. Pass hakuwa na haja nao. Watu wake walikuwa wamekaa. Kwa saa ya chakula ningekwenda na njia ya Pass, taratibu, gitaa likiwa chini ya maongezi. Meza zikishasogezwa pembeni ningehamia ya Tuck, na mwimbaji ningempa kayamba mkononi.