Propela Iko Kwenye Gunia

Wengi mmeshaiona ile klipu inayozunguka WhatsApp: Escudo ya rangi ya fedha imezama topeni Mabwepande, gurudumu moja la nyuma linazunguka kama feni, yale ya mbele yametulia kana kwamba yanasubiri daladala. Mimi nilikuwapo, nimeshika kamba upande usioonekana. Niseme mapema: gari halina kosa. Kosa lilifanyika gereji, kwa spana.

Kununua, jirani yangu alinunua vizuri. Escudo kizazi cha pili, lita 2, gia za mkono, chesisi haina kutu, tairi bado zina meno. Hapo sina neno.

Kisha akamsikiliza fundi. Fundi kalala chini ya gari, katoka anajifuta mikono. "Bosi, hii propela ya mbele inakula mafuta bure. Wewe si wa porini. Tuitoe." Wakaitoa. Ikafungwa kwenye gunia la mkaa na kutupwa nyuma ya siti. Tuliikuta humo humo siku ile, tukiwa tumefika magotini kwenye tope, tunatafuta kamba.

Haya, mafuta gani hayo? Escudo hii haisukumi magurudumu manne muda wote. Ile gia ndogo ya pembeni ina 2H, 4H, N na 4L. Ukiwa 2H, transfa imeshakata nguvu ya mbele. Lami yote ya kutoka Bunju hadi Morogoro unaitembelea kwa magurudumu ya nyuma, propela iwepo isiwepo. Unachopunguza ni kilo chache za chuma. Ukitaka kupunguza uzito, shusha yale maspika kwenye buti.

Terios na Rush za foo-wili ya kudumu angalau zinakuadhibu papo hapo. Zina difu ya kati. Toa propela ya nyuma bila kuifunga difu hiyo, gari halitoki gereji, kwa sababu nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo. Escudo ni mpole mno. Inakubali, inatembea, na wewe unakaa miezi ukiamini una foo-wili. Siku ya tope unatia 4L, gia inaingia bila ubishi, injini inanguruma vizuri tu, na ile nguvu yote ya gia nzito inashukia ekseli moja. Difu ya nyuma haina loki, kwa hiyo inamhudumia yule anayeteleza. Gurudumu lile halikuwa likimtoa jirani. Lilikuwa linamchimbia kaburi, na kwenye klipu unaona kabisa linavyoshuka.

Nimeshasema humu, na wenye X-Trail wakaninunia: kitufe kilichoandikwa Lock hakikufanyi uwe Camel Trophy, yale mashindano ya magari ya porini. Ile ya 1991, iliyopita nchini kwetu kwenda Burundi, ilikuwa ya Land Rover Discovery na watu waliojua kushika sepetu. RAV4 ya kizazi cha tatu nayo ina kitufe chake, kinajiachia ukifika kilomita 40 kwa saa. Kwa mchanga wa Chamazi kinatosha. Kwa Mabwepande ya Aprili, mimi simo.

Suzuki SJ410 ya zamani, injini isiyofika hata lita moja, ilikulazimisha ushuke na kuzungusha habu za mbele kwa mkono. Watu walilalamika wanachafuka. Lakini ulijua foo-wili yako ipo kwa sababu umeigusa. Jimny iliyofuata inafunga habu kwa vakyumu, na mpira wa vakyumu ukichanika umeachwa na taa ya dashibodi tu. Kweli, kwenye barabara kuu SJ410 ilikuwa mateso, na hata Jimny ya 1.3 yenye watu wanne na mizigo inapanda Kitonga ikiomba radhi. Ndiyo maana Escudo ilikuwa chaguo sahihi.

Ukienda yadi kutafuta Escudo kama hii, usianze na redio. Lala chini, fuata propela kwa macho, ya nyuma na ya mbele. Halafu tafuta uwanja wa udongo, weka 4H, kata usukani hadi mwisho, ondoka taratibu. Utahisi gari linajikaza, kama umesahau kuachia hendibreki. Hiyo ni dalili njema, mbele na nyuma zinavutana. Usirudie rudie kwenye lami kavu, transfa inaumia. Gari likikata kona laini kama Vitz, muulize muuzaji gunia liko wapi.

Sisi tulivutwa na trekta. Jirani akalipa elfu hamsini, akapangusa tope kwenye propela, akairudisha guniani, akaniuliza kama namjua mtu wa kuinunua.