Semina ya siku tatu, chaki ya mwaka mzima

Bandugu wasomi, leo siandiki juu ya mihogo na mozaiki. Leo ni Kiingereza. Najua mtauliza: agronome na Kiingereza, wapi na wapi? Nisomeni kwanza.

Nilipomaliza licence, kazi ya shamba haikuja haraka. Prefe mmoja wa hapa Iga Barrière alikuwa hana mwalimu wa Kiingereza ku humanités, na mi nilikuwa nasikia kidogo juu ya vitabu vya kilimo nilivyokuwa nasoma. Njo vile nikapata darasa tatu, kila moja watoto zaidi ya 50, wengine wametoka kambi za wakimbizi wa ndani. Mshahara wa serikali sikuuona, kama N.U. wengine wote. Mwaka uleule nikaitwa Bunia ku semina ya siku tatu: namna ya kutumia teknolojia ya kidijitali katika kufundisha Kiingereza. Waandalizi sitawataja. Nia yao ilikuwa nzuri, na kosa nitakaloandika hapa nimeliona ku semina mingi, si yao tu.

Nianze na mazuri. Mwezeshaji alijua kazi yake. Alituonyesha namna mtoto anavyoweza kurekodi sauti yake ku telefone, kujisikiliza, halafu kusoma tena. Mi ambaye sikusomea ufundishaji, kitu hicho kilinifungua akili. Alitukumbusha pia kwamba Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kule mikutano na karatasi nyingi ziko kwa Kiingereza. Ni kweli. Mtoto wa Ituri asiyejua Kiingereza anaishia kuwa mnunuzi tu mbele ya jirani zake.

Shida ilianza siku ya pili. Karibu siku nzima tulijifunza programu moja ya maswali ya mchezo: kila mwanafunzi anajibu ku telefone yake, pointi zinaonekana ku ukuta kwa projekta. Tulicheka, tulipiga makofi kama watoto. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa langu. Telefone iko moja, yangu. Mega nanunua kwa franka zangu. Umeme ku darasa hakuna. Nikachukua chaki, nikaendelea pale nilipoachia Ijumaa.

Wengi watasema: basi, dawa ni vifaa, watupatie tablette. Mi hapo nakataa. Peru waligawia watoto kompyuta ndogo, halafu watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini. Ripoti ya mwaka 2012 haikuona maendeleo yoyote ku mitihani ya hesabu na lugha. Kenya nayo, kuanzia 2016, iligawa vifaa zaidi ya milioni 1 ku shule za msingi. Kugawa ni kazi rahisi kuliko kubadilisha somo la saa nane mchana.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Kisumu, uliotoka 2016. Ulikuwa wa shule za msingi, kusoma kwa watoto wadogo, lakini unatuhusu. Walijaribu njia tatu juu ya mpango uleule wa kufundisha kusoma: kundi moja, watoto walipewa vifaa vya kusomea, la pili, walimu walipewa tablette, la tatu, tablette zilienda kwa wale wanaotembelea walimu darasani na kuwapa ushauri. Makundi yote yalipita shule ambazo hazikuwa na mpango. Lakini hakuna kundi lililoshinda lingine kwa tofauti ya maana. Na mpango uleule bila kifaa chochote njo ulikuwa na faida kubwa zaidi ukihesabu pesa. Kati ya zile njia tatu, iliyokuwa na faida kuliko zingine kwa gharama yake ni ile ya kumpa kifaa mtembeleaji.

Mtembeleaji! Ku semina yetu, huyo mtu hakuwemo kabisa.

Hapa sasa naongea kama agronome. Sisi pia tulikosea vile miaka mingi: kuita wakulima ku salle, kuwaonyesha picha, kuwapa cheti na Fanta, kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1989, kule Indonesia, FAO walianza njia nyingine na wakulima wa mpunga, ile tunaita champ-école, Watanzania wanasema shamba darasa. Wakulima wanakutana kila juma, ndani ya shamba lenyewe, msimu mzima. Wanahesabu wadudu, wanabishana, wanaamua, juma linalofuata wanaona matokeo. Sababu yake ni nyepesi: mdudu hatokei siku ya semina, anatokea juma la tano, wakati mwezeshaji amesharudi kwake.

Semina yetu haikuwa na juma la tano. Siku ya mwisho tulijaza karatasi: salle ilikuwa nzuri? Chakula kilitosha? Hakuna aliyeuliza kama ku darasa lako kuna umeme. Na baadaye hakuna aliyefika Iga kuona tunafanya nini. Hata zile kozi za bure za intaneti, kama ya Iowa State University juu ya teknolojia ku darasa la Kiingereza, zinaenda majuma kadhaa, kwa hiyo mwalimu ana wakati wa kujaribu na kurudi na maswali. Lakini zinadai intaneti ya kila siku.

Nimalizie na nilichojaribu. Mtoto mmoja alileta chupa ya dawa ya wadudu ya mama yake, mkulima wa nyanya. Mnajua dawa hizi, mingi zinatoka Uganda, maandishi ni ya Kiingereza, madogo kama mchanga. Nikapiga picha, nikaikuza, telefone ikazunguka benchi kwa benchi. Hakuna mega hata moja iliyoenda. Watoto waliandika maneno ku ubao, tukayatafuta moja moja: kipimo kwa lita ngapi za maji, kuvaa nini mkononi, kungoja siku ngapi mbele ya kuvuna. Chupa ilisema siku 7. Yule mtoto akanyamaza, halafu akasema, “Mwalimu, mama anamwanga leo, kesho anapeleka ku soko.”

Tukarekodi: yeye anasoma Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili. Akaenda kumsikilizisha mama.

Lakini niseme ukweli wote. Maneno matatu ya ile chupa sikuwa na hakika namna ya kuyatamka, na watoto zaidi ya 50 waliniiga. Nani angenirekebisha? Cheti changu cha semina hakina mdomo.

Kwa hiyo wanaoandaa semina zijazo nawaomba vitu viwili. Mtufundishe kwa hali yetu: telefone moja, bila intaneti, darasa lililojaa. Kolibri na Kiwix zinafanya kazi bila mtandao, muanzie pale. Halafu zile siku tatu mzigawe: siku moja Bunia, zilizobaki ku madarasa yetu, Iga na Nizi, usalama ukiruhusu, kwa muda wa trimestre nzima. Mwalimu mzoefu akae nyuma kwa benchi, anisikilize, anirudi.

Bandugu wa ISP Bunia, nyinyi njo mlisomea kazi hii. Kama nimekosea, munirekebishe hapa chini. Na kama kuna mmoja wenu anapita Iga siku moja, darasa langu liko wazi.