Juu ya Kuandika Noti kwa Kompyuta

Walimu waliotutangulia katika kazi ya kwaya waliijua taabu ya kunakili. Wimbo mmoja wa sauti nne, wenye kurasa tatu tu, ulitaka rula, wino na jioni nzima. Na mwandishi akikosa noti moja katika sauti ya teno, hakuwa na budi kuikwangua karatasi kwa wembe, au kuanza upya. Siku hizi kazi hiyo imehamia katika kompyuta, na katika programu zilizopo, ile tuionayo zaidi mikononi mwa walimu wa kwaya ni MuseScore, maana haina bei. Leo twapenda kuipima kama kitabu kipimwavyo. Tutataja wema wake, kisha tutataja mahali inapomwacha mwalimu peke yake, naye hana habari kwamba ameachwa.

Kwanza tuseme kidogo juu ya asili yake. Kuandika muziki katika mistari si jambo la jana. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo, katika nchi ya Italia, aliwafundisha wavulana wa kanisa kusoma sauti katika mistari, ili wasikaririshwe kila wimbo kwa miaka mingi. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci alipiga chapa mjini Venice kitabu cha nyimbo za sauti nyingi. Kompyuta imekuja nyuma sana katika safari hiyo. Programu ya Finale ilitokea Marekani mwaka 1988. Na Sibelius, iliyobuniwa na mapacha wawili wa Uingereza, Ben na Jonathan Finn, ilianza kuuzwa mwaka 1993. Hizo zilikuwa za kununua, na bei yake haikuwa ya mfuko wa mwalimu. Mwaka 2002 Mjerumani Werner Schweer aliichukua sehemu ya noti ya programu yake nyingine, akaifanya kuwa MuseScore, ikawa mali ya kila mtu, ruhusa kuitumia, kuinakili na hata kuitengeneza upya. Toleo lake la nne lilitolewa Desemba 2022.

Wema wake wa kwanza ni usafi wa hesabu. Kipimo kipya huja kikiwa kimejaa kimya; mwandishi huchagua urefu wa noti, akabonyeza herufi yake, na noti huchukua mahali pa kimya. Noti ikizidi mwisho wa kipimo, programu huikata na kuiunga kwa tao na kipimo kinachofuata. Basi lile kosa la kutia mapigo matano katika kipimo cha manne, tulilolizoea katika karatasi za mkono, karibu limekwisha. Tena, noti ikipanda juu au ikishuka chini kupita kimo cha sauti iliyoandikiwa, hugeuka rangi pale katika kioo, kana kwamba mashine inasema: mwimbaji wako hafiki huku.

Wema wa pili ni kuona. Wimbo waweza kutazamwa kwa kurasa, kama utakavyochapwa, au kwa mstari mmoja mrefu usiokatika, kama njia inayonyoka hadi upeo wa macho. Mstari huo ni mzuri kwa kutunga. Lakini asiyerudi kutazama kurasa kabla ya kuchapa atakuta waimbaji wakigeuza karatasi katikati ya neno. Kadhalika sauti moja yaweza kutolewa peke yake, na ukisahihisha noti katika karatasi ya besi, imekwisha kusahihishwa katika wimbo mzima. Na kwaya ikishindwa na kimo, wimbo wote hushushwa toni moja kwa muda wa kumeza mate. Kwa hayo twaisifu bila kusita.

Wema wa tatu ndio mlango wa shida. Mashine hupiga kile kilichoandikwa. Mwalimu asiye na kinanda aweza kusikia sauti zake nne zikiimba pamoja usiku ule ule alioziandika. Mwandishi kijana husikia, hufurahi, na kusema: Imekubali. Hapo ndipo twapenda kumshika mkono. Mashine imekagua hesabu, imekagua na kimo. Neno haikulikagua. Waimbaji wake wa kubuniwa huimba kwa kawaida sauti tupu, «aa» tangu mwanzo hata mwisho. Maneno yaliyo chini ya noti, kwao, ni mapambo ya ukurasa.

Tutoe mfano. Kila msemaji wa Kiswahili ajua, hata kama hakufundishwa, kwamba mkazo wa neno hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua maneno haya: «Tumefika salama.» Mkazo uko juu ya «fi» na juu ya «la». Sasa tuyaweke katika wimbo wa mapigo matatu, kila silabi pigo moja, tukianza pale ambapo programu hutuanzishia, yaani pigo la kwanza la kipimo cha kwanza. Tutapata: tu-me-fi, kisha ka-sa-la, kisha ma. Pigo la kwanza la kila kipimo ndilo lenye nguvu. Basi nguvu imeangukia «tu», na «ka», na «ma». Kwaya itaimba «tumefiKA salaMA», na msikilizaji atadhani ni maneno ya watu wa mbali. Dawa yake ni nyepesi. Wimbo uanze na kipimo pungufu chenye mapigo mawili: tu-me, ndipo fi-ka-sa, ndipo la-ma. Noti ni zile zile, maneno ni yale yale; tumehamisha tu mistari ya kukata vipimo, na kila neno limerudi nyumbani kwake.

Programu yaweza kufanya hivyo. Mwenye kufungua wimbo mpya huulizwa kama ataka kipimo pungufu cha mwanzo, na aliyekwisha kuandika aweza kukata wimbo wote na kuubandika pigo moja mbele. Lakini kuulizwa si kuonywa. Asiyejua kwa nini anaulizwa hupita, na mashine huandika kosa lake kwa unadhifu ule ule inaoandikia usahihi. Karatasi ya mkono ilikuwa na huruma katika jambo hili: ilionekana kuwa ni kazi ya mtu, na mtu huweza kukosea. Ukurasa uliotoka katika mashine hufanana na kitabu kilichopigwa chapa, na sisi tuliolelewa katika heshima ya vitabu huona haya kukibishia.

Sisi wenyewe tumelipa ada ya somo hili. Tuliwahi kutunga wimbo wa shukrani wa kufunga mwaka wa shule, tukausikiliza katika kompyuta jioni nyingi, tukauona mtamu. Kwaya ikajifunza kwa bidii na siku ikafika. Baada ya ibada mzee mmoja alitushika mkono akasema kwa upole, «Mwalimu, wimbo wenu ni mtamu sana. Nao ni wa lugha gani?» Hakuwa na mzaha. Tulirudi nyumbani, tukayasoma maneno kwa sauti huku tukipiga meza katika kila pigo la kwanza, na ndipo tulipoyasikia yale aliyoyasikia mzee. Katika jioni zile zote hatukuwa tumeyasoma maneno kwa kinywa hata mara moja. Watu walikuja kutoa shukrani, nasi tuliwanyima maneno ya kushukuru. Hilo si kosa dogo la ufundi.

Hatusemi kwamba mkazo na pigo havipishani kamwe. Ziko nyimbo za ngoma ambamo mguu, mkono na neno hufuata kila kimoja njia yake, na uzuri wake uko katika kupishana huko. Lakini aliyezitunga alisikia vyote vitatu pamoja. Twalaumu kupishana kunakotokea kwa sababu mtungaji hakusikia.

Jambo lililo jirani na hili ni kukata silabi. Mwandishi hutia maneno chini ya noti silabi kwa silabi, akiweka kistari kati yake. Programu haimwambii mahali pa kukata. Wengi wetu, kwa kuzoea vitabu vya Kiingereza, huandika «Mun-gu», na mwimbaji mtiifu hufunga kinywa mapema, akashikilia «n» badala ya kushikilia vokali. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia wazi: «Mu-ngu», «ta-mbu-a», «nye-nye-ke-a». Vile vile «mtu» ni silabi mbili, na ile «m» hudai noti yake. Haya ni maarifa ya mwalimu wa lugha, na hapana kitufe cha kuyaleta.

Tena iko pumzi. Waimbaji wa mashine hawachoki, wala hawavuti pumzi wasipoambiwa. Mtungaji anayewasikiliza wao tu ataandika mstari wa vipimo minane bila nafasi, na mama aliyetoka shamba mchana ule hataufikisha mwisho. Na lililo zito kuliko yote ni desturi iliyoenea ya kuitoa sauti ya mashine, kila sauti peke yake, na kuituma katika simu za waimbaji ili wajifunze kwa kufuata. Twakiri kwamba husaidia, hasa kwa wanaokaa mbali na mazoezi. Lakini tuangalie tusije tukarudi nyuma ya Guido: yeye aliwafundisha watoto kusoma ili waache kukariri, nasi kwa chombo cha kusomea twawarudisha katika kukariri. Kwaya isiyosoma hufundishwa wimbo mmoja mara moja, na wimbo wa pili huanza tena tangu chini.

Kuna na pungufu moja lililo la programu yenyewe. Wamisheni walituletea pamoja na mistari mitano ule uandishi wa herufi za d, r, m, ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, na kwaya nyingi zetu zingali zikiutumia. MuseScore yaweza kuandika do, re, mi ndani ya vichwa vya noti, lakini uandishi kamili wa Curwen, pamoja na nukta zake pacha za kugawa mapigo, haikuufanya kuwa sehemu yake. Mwalimu hana budi kuuingiza kama maneno, herufi kwa herufi. Hilo latuonyesha kwamba chombo hiki, ijapokuwa ni cha wote, kilitengenezwa na watu wenye mazoea yao.

Mwisho, tuseme juu ya kutunza. Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka 35. Waliokuwa na nyimbo zao zote humo walilazimika kutafuta njia ya kuzihamisha, maana faili za programu moja hazifunguki hivi hivi katika nyingine. Iko lugha ya kati iitwayo MusicXML, iliyotolewa mwaka 2004, ambayo programu nyingi huisoma na kuiandika, na MuseScore ni mojawapo. Kila mtungaji na ahifadhi nakala ya namna hiyo, na nakala ya karatasi iliyochapwa ndani ya kabati la kwaya. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lenyewe laweza kupotea.

Basi hukumu yetu ni hii. MuseScore ni karani hodari. Ana mwandiko mzuri, hesabu yake haikosi, hachoki, wala hadai mshahara. Anayefundisha kwaya na kompyuta anayo, asipoitumia anajipunja. Lakini karani huandika aliloambiwa. Kabla ya kuusikiliza wimbo kwa mashine, usome maneno yake kwa kinywa chako, taratibu, ukipiga meza kwa kidole. Kisha uimbe kila sauti wewe mwenyewe, na pale pumzi inapokuishia utie alama. Baada ya hapo ifungue spika. Utakuwa umekwisha kuwa msikilizaji wa kwanza wa wimbo wako, na yule mzee wa kanisani hatakuwa na haja ya kukuuliza neno.