Nuru Juu ya Majaluba: Picha za Amorsolo Baada ya Vita

Katika madarasa yetu ya uhakiki imezoeleka kusemwa kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Kauli hii ina manufaa yake, lakini ikishikwa pasipo tafakuri huweza kutupotosha, kwani ziko kazi ambazo hazituonyeshi jamii ilivyo, bali hutuonyesha kile ambacho jamii hiyo inakitamani. Mfano wa kazi za namna hiyo twaupata katika visiwa vya Ufilipino, kwa mchoraji Fernando Amorsolo (1892–1972).

Amorsolo alizaliwa mjini Manila, akakulia Daet, katika eneo la Bikol. Alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, kisha akaenda Madrid, Hispania, ambako alivutiwa na kazi za Velázquez na Sorolla. Aliporejea alijipatia sifa kwa picha za maisha ya shamba, hasa ile ya upandaji wa mpunga ya mwaka 1922, iliyoenea hata katika mabango na vijitabu vya watalii. Nguzo ya fani yake ni nuru. Humweka mtu mbele ya jua, mwanga ukamjia kutoka nyuma, ukatia dhahabu kwenye nywele, mabega na ukingo wa kofia, na uso ukabaki katika kivuli chepesi.

Kisha vikaja vita. Majeshi ya Japani yaliingia Manila Januari 1942, na mapigano ya kuukomboa mji huo, Februari hadi Machi 1945, yaliangamiza raia wapatao 100,000. Amorsolo alikuwamo mjini. Aliuchora mji ukiungua, akawachora na watu waliofikwa na maafa hayo. Katika picha moja ya mwaka 1945, mwanamume ameshika panga, amesimama kumkinga mwanamke asinajisiwe. Adui mwenyewe haonekani. Iko kofia yake tu ya kijeshi, imeanguka karibu na mguu wa yule mwanamume. Kofia hiyo yatosha kutueleza kila kitu. Mwaka 1948 picha zake za vita zilionyeshwa katika ikulu ya Malacañang.

Mwaka uliofuata, 1949, alichora tena wapanda mpunga, safari hii chini ya mlima Mayon. Wanakijiji waliovaa nguo za rangi za kupendeza na kofia pana wamejipanga majini, wameinama, wakipandikiza miche kwa pamoja. Nyuma yao Mayon unafuka moshi kwa utulivu. Mtazamaji asiyeijua historia ataona mandhari nzuri tu. Lakini mlima huohuo, ulipolipuka mwaka 1814, uliufukia mji wa Cagsawa na kuua watu zaidi ya elfu moja. Na majivu ya milipuko yake ndiyo yaliyoirutubisha ardhi ile. Hivyo kilichoangamiza ndicho kinacholisha. Kwa taifa lililokuwa limetoka motoni miaka minne tu iliyopita, na kupata uhuru Julai 1946, ujumbe huo haukuwa mwepesi. Maudhui ni yaleyale ya mwaka 1922, ila maana yake imebadilika, kwa sababu aliyeshika brashi na wanaomtazama wote wamekwisha kuona moto.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaomhukumu Amorsolo kuwa mtu wa kupamba tu, asiye na la kusema. Matumaini yake si ya mjinga. Hata hivyo, liko swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: shamba hili ni la nani?

Mwaka ule wa 1949, katika nyanda za kati za kisiwa cha Luzon, wakulima wengi walikuwa wakilima ardhi ya makabaila, wakigawana nao mavuno na kuishi katika madeni. Waliokuwa wapiganaji wa Huk, jeshi la wakulima lililoundwa 1942 kupambana na Wajapani, walikuwa wameshika tena silaha tangu 1946 dhidi ya serikali yao wenyewe. Uasi huo ulidumu hadi 1954. Bikol si nyanda hizo, lakini picha ya Amorsolo ilitazamwa kama sura ya nchi nzima. Ndani yake hamna mwenye shamba, hamna mnyapara, hamna deni. Katika picha ya vita adui asiyeonekana aliacha kofia. Katika picha ya shamba kabaila hakuacha hata kofia.

Hapo ndipo penye upungufu. Wahenga walisema: baada ya dhiki, faraja. Amorsolo ameichora faraja kwa ufundi usio na shaka, lakini wale walioinama majini bado walikuwa katika dhiki nyingine, ambayo nuru yake imeifunika.

Amorsolo alifariki Aprili 1972, na siku chache baadaye akatangazwa kuwa Msanii wa Taifa wa kwanza wa nchi yake. Heshima hiyo aliistahili. Mwalimu atakayeitumia picha ya 1949 darasani asiwaulize wanafunzi kama ni nzuri, kwani uzuri wake unajieleza. Awaulize matumaini haya ni ya nani, yamezaliwa na nini, na ni nani aliyeachwa nje ya fremu.