Anayejua kujaza risasi, mbona bado ananunua?

Mvuvi wa Chokocho anaweza kusuka dema lake mwenyewe na kuliziba likitoboka. Ila ndoana anainunua dukani. Kumbuka mfano huo, maana leo nataka kukosoa hesabu moja inayopendwa na walenga shabaha wa Marekani.

Kule mtu huokota ganda la risasi lililokwisha kutumika, akabadilisha fataki, akatia baruti aliyoipima kwenye mizani, akabana kichwa kipya. Hesabu yao ni hii: ganda ni sehemu ghali na linatumika tena na tena, kwa hiyo anayejaza mwenyewe anaokoa pesa. Sasa mbona watu haohao, wenye mashine mezani, bado wananunua boksi za kiwandani? Wengi watakujibu: muda, au uvivu. Jibu hilo ni jepesi mno.

Sababu moja ni umbo. Risasi ndogo ya .22 haina fataki ya kung'oa. Kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako, na ukingo huo hubonyea bunduki ikipigwa. Hapo unanunua tu.

Sababu kubwa zaidi ni takwimu. Usahihi unaonekana: piga risasi kadhaa, tazama matundu kwenye karatasi, rekebisha baruti. Mjazaji makini anaweza kukishinda kiwanda hapo, kwa sababu yeye anashonea bunduki moja, kiwanda kinashonea zote. Lakini kama risasi itawaka au haitawaka, huwezi kujua bila kuipiga, na ukishaipiga huna tena. Ni kama ndoana: ukiivuta mpaka ujue mwisho wa nguvu yake, umeshaiharibu.

Wanatakwimu wana kanuni ya tatu. Ukijaribu vitu kadhaa na hakuna hata kimoja kilichofeli, gawanya 3 kwa idadi yake. Unachopata ndicho kiwango cha juu cha kufeli, kwa uhakika wa asilimia 95. Yaani umepiga 300, zote zimelia, bado huwezi kukataa kwamba 1 kati ya 100 itakugomea. Ukitaka kuthibitisha 1 kati ya 1,000, lazima upige kama 3,000 bila kosa. Nani atafanya hivyo nyumbani? Kiwanda kinachotoa mafungu makubwa kinaweza kuteketeza sampuli na kubakiwa na mzigo wa kuuza. Kiwanda nacho hukosea, sawa, lakini namba ya fungu iko kwenye boksi, kwa hiyo kosa likigundulika risasi zinaweza kurudishwa.

Na kosa lina bei yake. Risasi iliyosahauliwa baruti huweza kusukumwa na fataki peke yake, kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili, mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wako.

Ndo maana wengi hugawa: za mazoezi na mashindano wanajaza, za kujilinda au kukabili mnyama hatari wananunua. Bei ya risasi moja moja haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, na hapo ndipo hesabu yao inapofeli.

Basi siku mtu akikuonyesha hesabu ya kujitengenezea chochote, muulize mawili: amejaribu vingapi, na kimoja kikigoma nani ataumia?